Kumbukumbu za Kiwewe na Tiba ya Upole: Kutoka Frere Town hadi Bombolulu

Kiwewe, kwa maana wanayoipa wataalamu wa saikolojia, ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha kupita, na dalili yake kuu ni kwamba kumbukumbu ya tukio hilo hukataa kukaa pamoja na mambo mengine yaliyokwisha, ikawa humjia mtu mchana kwa picha, sauti na harufu, na usiku kwa jinamizi, kana kwamba jambo lenyewe linatendeka upya. Historia ya kuzitibu kumbukumbu za namna hiyo huandikwa kwa kawaida kama historia ya Vienna, London na California, na si kosa kuiandika hivyo kwa kuwa nadharia nyingi zilizaliwa huko. Hata hivyo, ukanda wa bara ulio kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kuanzia Kengeleni na Kongowea hadi Bombolulu kando ya barabara ya Malindi, umekuwa kwa miaka karibu 150 makao ya watu waliofika wakiwa wameumizwa mwili na nafsi, na kila kizazi cha waliowapokea kimelazimika kujibu swali lilelile: aliyeumizwa atibiwe kwa kushurutishwa kusema, kwa kuachwa anyamaze, au kwa njia ya tatu iliyo kati ya hizo mbili? Njia hiyo ya tatu ndiyo inayoitwa hapa tiba ya upole, yaani tiba ambayo ndani yake kumbukumbu huguswa, kwa sababu isipoguswa haitulii, lakini huguswa kidogo kidogo, na mwenye kumbukumbu ndiye anayeamua lini, kwa kiasi gani na mbele ya nani.

Mwanzo wa historia hiyo katika Kisauni, kama eneo la ukanda huo linavyoitwa, ni mkataba ambao Sultani Barghash bin Said wa Unguja aliutia sahihi Juni 1873, baada ya kusukumwa na mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, na manowari za Kiingereza, mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Marufuku hayo yalizua tatizo ambalo wanasiasa wa London hawakuwa wamelitafakari vya kutosha, nalo ni mahali pa kuwapeleka watu waliotolewa majahazini, ambao makwao kulikuwa mbali, katika nchi za Wayao, Wanyasa na Wamakua, na wengi wao walikuwa watoto. Church Missionary Society, jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana, ilimtuma William Salter Price, aliyekuwa amewahi kuwasimamia Waafrika waliokombolewa huko Nasik nchini India, naye mwaka 1875 akaanzisha ng'ambo ya kisiwa makazi yaliyopewa jina la Frere Town. Kengele iliyotundikwa hapo ili kuwaonya wakazi wakati washika watumwa wanapokaribia ingali pale katika njia panda ya Nyali, na ndiyo iliyopaita mahali hapo Kengeleni. Watu wanaopanda na kushuka matatu mbele yake kila siku hupita karibu sana na ushahidi wa hofu ambayo wakati huo haikuwa ndoto wala jinamizi, kwa kuwa mkombolewa aliyelala usiku akiogopa kutekwa tena alikuwa na sababu ya kuogopa.

Frere Town iliwapa wakazi wake viwanja, nyumba, shule, kazi, ndoa na dini, mambo ambayo wataalamu wa leo wangeyahesabu kuwa msingi wa kupona, kwa sababu hakuna nafsi inayotulia kabla mwili haujapata usalama. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka kumbukumbu yenyewe. Wamisionari waliyaandika masimulizi ya waliokombolewa pale yalipofaa kusomwa Uingereza na wafadhili, lakini ndani ya makazi aliyepatwa na kiwewe alitazamiwa awe Mkristo mwenye bidii na mtiifu, na utiifu huo ulisimamiwa kwa mkono mzito, hata mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa makazi, J. R. Streeter, akalaumiwa kwa kuwachapa watu viboko. Mtu aliyetoka katika kiboko cha msafara akakikuta kiboko katika nyumba ya ukombozi hakuweza kuambiwa kwamba yaliyopita yamepita. Frere Town ilithibitisha mapema jambo ambalo sayansi ilikuja kulisema baadaye, kwamba kiwewe hakitibiki mikononi mwa mtu anayeogopwa.

Yaliyonyamaziwa na makazi hayo, hata hivyo, yalisemwa majumbani, na hilo linajulikana kwa sababu mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa ukoo uliokombolewa na baba wa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, alichapisha kitabu cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kinachoeleza jinsi watu walivyotekwa bara, wakatembezwa hadi pwani, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa baharini na hatimaye wakawekwa Frere Town. Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake, lakini ukisomwa kama hati ya kumbukumbu, umbo lake lina maana kubwa. Ni kisa kilichopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, chenye maisha kabla ya kutekwa na maisha baada ya kuokolewa, ambamo mateso yamepewa mahali pake katikati na hayakuachwa yatawale yote. Miaka 70 baadaye, katika kambi za wakimbizi za Uganda, kupanga kisa kwa namna hiyo kulifanywa kuwa tiba rasmi na kupimwa kwa majaribio, kama itakavyoonekana.

Majirani wa Frere Town, Waswahili na Wamijikenda, walikuwa na njia zao kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Mwenye kutishika, asiyelala na asiyekula aliandikiwa kombe, yaani aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi, naye akayanywa, au alisomewa, au, pale dalili zilipozidi, jamaa zake waliitisha ngoma ya pepo, ambayo katika upande wa Wamijikenda huchezwa kwa kayamba. Mwele, yaani mgonjwa, hukalishwa, hufunikwa nguo, hufukizwa ubani kutoka katika chetezo, na ngoma hupigwa mpaka pepo apande, ajitaje na aseme analotaka. Wanaanthropolojia walioichunguza ngoma hiyo katika pwani wameandika juu ya pepo wa Kihabeshi, wa Kimasai, wa Kiarabu na hata wa Kizungu, na orodha hiyo yenyewe ni historia ya wote waliopita pwani kwa biashara, kwa vita na kwa minyororo. Linalohusu mada hii ni utaratibu wake: mwele hatakiwi kusimulia lililompata, kwa kuwa anayesema ni pepo, na anayesikiliza si mganga peke yake bali jamaa na majirani waliokusanyika, ambao baada ya usiku huo hawawezi tena kudai kwamba hawajui kwamba mwenzao anaumia. Haifai kuitukuza desturi hiyo kupita kiasi, maana imewagharimu wengi fedha wasizokuwa nazo na imewachelewesha wengine kufika hospitali. Lakini haiwezi kukanushwa kwamba ilijua kumwondolea mtu mzigo wa kukiri kwa kinywa chake mwenyewe, na ilimrudisha miongoni mwa watu badala ya kumtenga.

Ulaya nayo ililikabili swali hili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale maelfu ya wanajeshi walipotetemeka, wakapoteza sauti au wakashindwa kutembea bila kuwa na jeraha la mwili. Katika hospitali moja ya London, daktari Lewis Yealland aliwatibu kwa mikondo ya umeme mpaka waseme, ilhali W. H. R. Rivers, daktari aliyewahi kuwa mwanaanthropolojia katika visiwa vya Pasifiki, aliwaambia maofisa wake katika hospitali ya Craiglockhart, Scotland, kwamba kuisukuma kumbukumbu mbali kwa nguvu ndiko kunakoirudisha usiku, na akawasaidia kuiangalia kwa vipimo wanavyoweza kuvistahimili. Hotuba yake ya 1917 kuhusu jambo hilo ingestahili kusomwa na kila mtawala aliyetumwa Afrika Mashariki baada yake.

Haikusomwa hivyo. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, serikali ya kikoloni ilimtegemea J. C. Carothers, daktari aliyewahi kusimamia hospitali ya Mathari ya Nairobi, ambaye mwaka 1954 aliandika kijitabu kilichoieleza Mau Mau kama tatizo la akili za Waafrika badala ya tatizo la ardhi na uhuru. Katika hali hiyo ya fikra, kukiri kiapo cha Mau Mau kulifanywa kuwa dawa, na mfumo mzima wa kambi za wafungwa ukapangwa hivi kwamba mfungwa asonge kuelekea nyumbani kadiri anavyokiri, na arudishwe nyuma kadiri anavyonyamaza. Mkoa wa Pwani ulikuwa na kambi zake, na mojawapo, Hola, ndiyo iliyofichua ukweli wa tiba hiyo, kwani tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hapo hadi kufa. Aliyelazimishwa kusema chini ya rungu hakutibiwa. Alitiwa kumbukumbu mpya juu ya ile ya zamani. Hilo linapaswa kukumbukwa kila mara mtu anapodai, hata kwa nia njema, kwamba wenye kiwewe ni lazima waseme ili wapone.

Bombolulu yenyewe iliingia katika historia hii kwa mlango mwingine. Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, kinachojulikana kwa herufi APDK, kiliundwa mwaka 1958, na mwaka 1969 kikaanzisha Bombolulu karakana za watu wenye ulemavu, wakiwemo waliopooza viungo kwa polio, ili wafanye kazi ya ufundi na kujipatia riziki badala ya kuishi kwa kuombaomba au kufichwa nyumbani kama ilivyokuwa desturi katika familia nyingi. Vito vya shaba na vya mbegu, vinyago vya mbao, kazi za ngozi na nguo za kushonwa zilitoka hapo na kuuzwa kwa watalii na ng'ambo kupitia mtandao wa biashara ya haki, na baadaye kikaongezwa kituo cha utamaduni chenye maboma ya makabila mbalimbali ya Kenya. Karakana hizo hazikuanzishwa kwa ajili ya kiwewe, na mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuzipa kusudi ambalo hazikuwa nalo. Hata hivyo, tiba kwa kazi, ambayo ni tawi la utabibu linalotumia shughuli za mikono kumrejeshea mgonjwa uwezo wake, ilikua sana baada ya vita vilevile vilivyompa Rivers wagonjwa wake, na inaeleweka kwa nini. Mtu anayekunja waya wa shaba kuwa pete huwa na vidole, macho na pumzi vilivyoshughulika na kitu kilicho mbele yake sasa hivi. Hutoa kitu kizima kilicho kizuri kwa mikono ambayo labda alikuwa ameambiwa haifai. Na kando yake ameketi mwenzake anayejua, bila kuelezwa, maana ya kudharauliwa. Hayo hayamalizi kiwewe, lakini bila hayo tiba nyingine yoyote husimama juu ya mchanga.

Miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 iliipa Mombasa misiba iliyofuatana bila nafasi ya kupumua. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zilizofuata ziliua watu na kuwafukuza maelfu makwao. Na tarehe 28 Novemba 2002, katika barabara hiyohiyo ya Malindi inayopita Bombolulu, bomu lililipuliwa katika hoteli ya Paradise huko Kikambala na kuwaua Wakenya 10 na Waisraeli 3, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuja kuwapokea wageni. Jina la Bombolulu nalo lilisikika kwa huzuni nchi nzima Machi 1998, wasichana zaidi ya 20 walipoteketea kwa moto bwenini, ingawa shule hiyo iliyobeba jina hilo ilikuwa Mazeras, wilayani Kwale, si hapa Kisauni. Lakini lililoufanya ushauri nasaha uwe neno la kila siku nchini ni mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti mwaka huohuo, uliowaua zaidi ya watu 200 na kuwajeruhi maelfu.

Katika miaka hiyo mbinu iliyotawala duniani baada ya maafa ilikuwa ile iliyobuniwa na Mmarekani Jeffrey Mitchell mwaka 1983 kwa ajili ya wazimamoto na wahudumu wa ambulansi, ambapo walioshuhudia tukio huketishwa katika siku chache za kwanza na kila mmoja hueleza alichoona na alichohisi, mara moja, mbele ya wenzake. Nia yake ilikuwa njema. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2002 yalionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi ya kiwewe, na huenda kikawadhuru baadhi ya watu. Badala yake Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao humtaka msaidizi atazame, asikilize na aunganishe, yaani ampe mtu maji, blanketi, usalama na simu ya kuwatafuta jamaa zake, na asimdai kisa asichotaka kukisimulia.

Haifuati kwamba kusimulia ni kubaya. Ushahidi mzito kuliko wote katika jambo hili ulitoka Afrika Mashariki yenyewe. Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, wanasaikolojia wa Ujerumani, waliunda tiba ya kusimulia maisha yote, ambayo huanza kwa kamba iliyotandazwa sakafuni kuwa mfano wa umri wa mtu, naye huweka ua juu yake kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila baya, kwa kuyataja tu bila kuyachimba. Katika vikao vinavyofuata hupita juu ya kamba hiyo kwa mpangilio, jiwe baada ya jiwe, akikumbushwa wakati wote kwamba yupo hapa na leo, na kinachosemwa huandikwa, husomwa tena kwa sauti, na mwishoni mwenyewe hukabidhiwa maandishi ya maisha yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, lililofanywa kwa wakimbizi 43 kutoka Sudan waliokuwa Imvepi, kaskazini mwa Uganda, mwaka mmoja baada ya tiba ni asilimia 29 tu ya waliosimulia hivyo waliobaki na maradhi ya kiwewe, ikilinganishwa na takriban asilimia 80 ya waliopewa ushauri wa kawaida au maelezo tu. Jaribio lililofuata katika kambi ya Nakivale, hukohuko Uganda, lenye wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, lilionyesha kwamba tiba hiyo inaweza kutolewa na wakimbizi wenyewe waliofundishwa. Frere Town ilikuwa na masimulizi, lakini yaliandikwa na kusafirishwa. Nakivale aliyesimulia ndiye aliyebaki na karatasi mkononi.

Wapo, hata hivyo, wasioweza kusimulia hata kwa utaratibu huo, ama kwa sababu mwili hushtuka mno, ama kwa sababu jambo lenyewe, kama vile kubakwa, likitajwa mtaani humletea mtu fedheha mpya. Kwao zimekuja tiba zinazohitaji maneno machache. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya mwendo wa macho, ijulikanayo kwa herufi EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro huko California mwaka 1987 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013. Mtibiwa huishika picha ya tukio akilini huku akifuata kwa macho mkono wa mtabibu unaokwenda kushoto na kulia kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha hupumzika, hutaja kwa neno moja au mawili kilichojitokeza, na huendelea. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba akili ya kazi, yaani ile sehemu inayobeba mambo machache kwa wakati mmoja, hulemewa na shughuli mbili, picha ikapoteza ukali wake na ikahifadhiwa upya ikiwa imefifia, ingawa wataalamu bado wanabishana kama ni macho yanayotibu au mambo mengine yaliyomo ndani ya tiba hiyo. Mwaka 2017 Philip Manfield na wenzake walieleza namna iliyo pole zaidi, mbinu ya mmweko, ambamo mtibiwa husema tu kwamba kumbukumbu ipo, huiweka kando, huzungumza juu ya jambo linalompendeza, na kila akipewa ishara hupepesa macho mara tatu bila kuifikiria ile kumbukumbu, kisha baadaye huulizwa kama bado inachoma kama mwanzo. Ushahidi wake ungali mchanga, na ni haki kuwaambia hivyo wanaokuja kutibiwa.

Kwa wakazi wa Bombolulu na Ziwa la Ng'ombe, ambao wameishi na hofu ya magenge ya mapanga na huzuni ya familia zilizopotelewa na vijana, swali lililo zito kuliko ubora wa mbinu ni nani atakayeileta. Huduma ya hospitali kwa magonjwa ya akili iko Port Reitz, upande wa Changamwe, na kuifikia kutoka Bombolulu ni kuvuka daraja la Nyali, kukipita kisiwa chote na kutokea Makupa, safari ambayo mtu anayeogopa kelele na msongamano huiahirisha mpaka akate tamaa. Majaribio yaliyofanywa katika nchi hizi yanaonyesha kwamba safari hiyo si ya lazima kwa kila mtu. Katika mitaa ya pembezoni mwa Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii waliofundishwa waliwapa wanawake waliodhulumiwa vikao vitano vya kutuliza pumzi, kupanga matatizo na kurudia shughuli na watu, bila kuwataka wasimulie walivyodhulumiwa, na jaribio hilo la wanawake 421, lililochapishwa mwaka 2017, lilionyesha kwamba dhiki yao ilipungua. Huko Bungoma na Moshi, mpango uitwao Pamoja Tunaweza, uliojaribiwa kwa watoto mayatima 640, uliwatumia washauri wa kawaida wa mtaani, na ndani yake walezi walishirikishwa pamoja na watoto.

Sheria haikosekani. Kikosi kazi kilichoongozwa na daktari Frank Njenga kilipendekeza mwaka 2020 afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yaliziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hiyo katika vituo vyao. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ina wahudumu wa afya ya jamii wanaojulikana kwa majina mtaani, na ina karakana zilizokwisha kuzoea kuwapokea watu bila kuwauliza wamevunjika vipi. Inapaswa kuwafundisha hao, iwalipe, iwape wasimamizi wenye ujuzi, na ianzie Kisauni.